Kujenga GCC kutoka msimbo chanzo kwenye laptop ya kawaida

Andika faili hii fupi, uiite `salamu.cc`:

```
#include <iostream>
#include <print>

int main() {
    std::println("Salamu kutoka GCC {}", __GNUC__);
}
```

Ukiikompaili kwenye Ubuntu 22.04 kwa `g++ -std=c++23 salamu.cc`, utajibiwa hivi:

```
salamu.cc:2:10: fatal error: print: No such file or directory
```

Msimbo wako hauna kasoro. Ubuntu 22.04 ilitoka na GCC 11 (GCC ni kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo wa C na C++ kuwa programu ya kuendeshwa), na heda (faili inayoingizwa kwa `#include`) ya `<print>` iliingia kwenye maktaba ya C++ ya GCC kuanzia toleo la 14, lililotoka Mei 2024. Hata Ubuntu 24.04, ambayo kompaila yake ya kawaida ni GCC 13, itakugomea vilevile.

Dawa ya kwanza ni ya kivivu na ndiyo bora: angalia kama mfumo wako una kifurushi tayari. Kwenye Ubuntu 24.04 jaribu `sudo apt install g++-14`. Ikikubali, umemaliza, huna haja ya kuendelea kusoma. Mwongozo huu ni wa aliyekwama: yuko kwenye mfumo wa zamani asioruhusiwa kuubadilisha, anatumia seva ya chuo bila ruhusa ya msimamizi (`sudo`), au anataka kuiona kompaila kwa ndani na pengine kuirekebisha. Nitatumia GCC 14.2.0, iliyotoka Agosti 2024. Ukitaka toleo jipya zaidi, badilisha namba tu, hatua ni zilezile.

## Maandalizi

Tenga GB 10 za diski. Zikibaki nyingine ni faida yako, lakini ujenzi ukiishiwa nafasi katikati utakutupia makosa ya ajabu yasiyotaja diski kabisa. RAM ya GB 4 inatosha ukiwa mvumilivu, na GB 8 ni raha. Muda ni wa saa kadhaa kwenye laptop ya wastani, kwa hiyo panga kuanza jioni uiache ifanye kazi usiku.

Unahitaji kompaila ya C++ iliyopo tayari, maana GCC yenyewe imeandikwa kwa C++. Kwa matoleo ya 11 hadi 14, kompaila inayoelewa C++11 inatosha. Toleo la 15 linadai C++14. Ubuntu 22.04 inatimiza yote mawili. Kama huna `sudo`, muombe msimamizi akusakinishie hivi:

```
sudo apt install build-essential wget bzip2 xz-utils
```

Miongozo mingi mtandaoni itakuongezea `flex`, `bison` na `texinfo`. Havina madhara, ila ukijenga kutoka kwenye faili rasmi la toleo huvihitaji, kwa sababu faili ambazo zana hizo huzalisha zimeshawekwa humo. Vinahitajika pale unapochukua msimbo moja kwa moja kutoka hazina ya Git. Kwa anayelipia bando, hazina ya Git yenye historia nzima ni mzigo usio na sababu. Chukua faili la toleo, ambalo halifiki MB 100:

```
mkdir -p ~/kazi && cd ~/kazi
wget -c https://ftp.gnu.org/gnu/gcc/gcc-14.2.0/gcc-14.2.0.tar.xz
wget https://ftp.gnu.org/gnu/gcc/gcc-14.2.0/gcc-14.2.0.tar.xz.sig
wget https://ftp.gnu.org/gnu/gnu-keyring.gpg
gpg --verify --keyring ./gnu-keyring.gpg gcc-14.2.0.tar.xz.sig
```

Ile `-c` ni ya kuendelea kupakua pale ulipoishia mtandao ukikatika. Na hatua ya `gpg` usiiruke. Kompaila ndiyo itakayogusa kila programu utakayoijenga baadaye, na Ken Thompson alishaonyesha mwaka 1984 jinsi kompaila iliyochezewa inavyoweza kupenyeza hila ndani ya programu nyingine bila hila hiyo kuonekana kwenye msimbo chanzo wowote. Tafuta maneno `Good signature`. Onyo linalofuata, kwamba ufunguo haujathibitishwa na mtu unayemwamini, ni la kawaida.

Fungua faili, kisha uvute maktaba zinazotegemewa:

```
tar xf gcc-14.2.0.tar.xz
cd gcc-14.2.0
./contrib/download_prerequisites
cd ..
```

Hati hiyo ndogo (script) inaleta hasa GMP, MPFR, MPC na ISL. Tatu za kwanza ni za hesabu ndefu, kwa sababu kompaila inapokutana na `1.0/3.0` kwenye msimbo wako inalazimika kuipiga hesabu hiyo yenyewe, kwa usahihi uleule bila kujali inaendeshwa kwenye mashine gani. ISL ni ya kuboresha vitanzi. Hati inazipakua, inazikagua, kisha inatengeneza viungo (symlink, majina yanayoelekeza kwenye saraka halisi) kama `gmp` na `mpfr` ndani ya saraka ya msimbo, na ujenzi wa GCC utazijenga hizo pamoja nayo.

Wapo wanaosema usakinishe `libgmp-dev` na wenzake kwa `apt` badala yake. Inafanya kazi. Lakini mimi napendelea hati ya `contrib`, kwa sababu inaondoa kundi zima la makosa ambayo tutayakuta huko mbele.

Ukimpelekea rafiki msimbo kwa flashi, mpe faili la `.tar.xz` lenyewe, usimpe saraka iliyokwisha kufunguliwa. Flashi nyingi ni FAT32, na FAT32 haijui viungo wala ruhusa za kuendesha faili, na saa za faili inazivuruga. Mpe pia zile faili za maktaba zilizopakuliwa. Akiziweka ndani ya saraka ya msimbo, hati itaziona na haitazipakua tena.

## Saraka tatu zisizochanganyika

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mazoea ya miradi midogo ni kuingia kwenye saraka ya msimbo, kupiga `./configure`, `make`, basi. GCC usiifanyie hivyo. Waandishi wake wenyewe wanaagiza ujenzi ufanyike nje ya msimbo. Kwa hiyo utakuwa na sehemu tatu: `~/kazi/gcc-14.2.0` ni msimbo, hauguswi, `~/kazi/jenga` ni karakana, chochote humo kinaweza kufutwa, na `~/zana/gcc-14.2.0` ni nyumba ya kompaila iliyokamilika.

Faida utaiona siku mambo yatakapoharibika. Badala ya kuhangaika na `make distclean`, ambayo kwenye mradi mkubwa hivi haiachi mahali safi kila mara, unafuta karakana nzima kwa `rm -rf ~/kazi/jenga` na kuanza upya. Msimbo uko salama, hakuna cha kupakua tena.

Kuhusu nyumba: usiielekeze `/usr`. Kompaila ya mfumo ina wategemezi wake, kuanzia moduli za keneli (moyo wa Linux) hadi vifurushi vya `apt`, na ukiifunika kwa ya kwako siku moja utaamka sasisho dogo limegoma na hujui kwa nini. Ikiwa ndani ya saraka yako ya nyumbani hutahitaji hata `sudo`, na ukiichoka unafuta saraka moja tu.

Anayetumia Linux ndani ya Windows kupitia WSL aziweke zote tatu upande wa Linux. Chini ya `/mnt/c` ujenzi unatambaa, maana GCC hugusa maelfu ya faili ndogo na kila moja italazimika kuvuka mpaka.

## Configure

`configure` ni hati inayokagua mfumo wako na kupanga ujenzi. Kabla ya kuiita, safisha mazingira:

```
unset LIBRARY_PATH CPATH C_INCLUDE_PATH CPLUS_INCLUDE_PATH LD_LIBRARY_PATH
```

Kama unatumia Conda (kidhibiti cha vifurushi, hasa vya Python), iondoe kwa `conda deactivate`. Vigeu hivi huelekeza kompaila kwenye heda na maktaba za mahali pengine, na ujenzi wa hatua nyingi kama huu ukichanganyiwa maktaba huanguka mbali sana na chanzo cha tatizo.

```
mkdir -p ~/kazi/jenga && cd ~/kazi/jenga
../gcc-14.2.0/configure \
    --prefix=$HOME/zana/gcc-14.2.0 \
    --enable-languages=c,c++ \
    --disable-multilib \
    --enable-default-pie \
    --program-suffix=-14
```

`--prefix` ni nyumba. `--enable-languages` ni orodha ya lugha unazotaka, na unavyoifupisha ndivyo unavyookoa muda. Ongeza `fortran` kama unafanya hesabu za kisayansi. Ada na D zina sharti lao: ili kuzijenga, lazima uwe tayari na kompaila ya lugha hiyohiyo.

`--disable-multilib` inahitaji maelezo, kwa sababu kuisahau ndiko kunakowaangusha wengi kwenye mashine za biti 64. Bila swichi hii GCC hutaka kujenga pia maktaba za biti 32, na kwa kuwa mfumo wako hauna maktaba za C za biti 32, itagoma na ujumbe mrefu unaoanza `I suspect your system does not have 32-bit development libraries`. Kama huandiki programu za biti 32, izime tu.

`--enable-default-pie` huifanya kompaila yako itoe programu zinazoweza kupakiwa mahali popote kwenye kumbukumbu, kama kompaila ya Ubuntu inavyofanya. GCC asilia haiwashi jambo hili yenyewe. Na `--program-suffix=-14` huzipa amri majina ya `gcc-14` na `g++-14`, zisigongane na zile za mfumo.

Unaweza kujiuliza Ubuntu wenyewe walitumia swichi gani. Iulize kompaila yao:

```
gcc -v
```

Mstari wa `Configured with:` unaorodhesha kila kitu. Ni darasa zuri la bure, ila usinakili wote, maana mwingi ni wa mahitaji ya ufungashaji wao.

Configure ikikuambia `Building GCC requires GMP 4.2+, MPFR 3.1.0+ and MPC 0.8.0+`, basi ile hati ya `contrib` haikumaliza kazi. Rudi kwenye saraka ya msimbo, uone kama viungo vya `gmp`, `mpfr` na `mpc` vipo.

## Make

Swali la kwanza ni kazi ngapi zifanyike kwa pamoja. Mazoea ya mtandaoni ni `make -j$(nproc)`, yaani kazi moja kwa kila uzi wa prosesa. Kwenye laptop yenye nyuzi 8 na RAM ya GB 8, hiyo ni kujitafutia balaa. Baadhi ya faili za GCC zinameza zaidi ya GB 1 wakati wa kukompailiwa, na zikikutana nane kwa mpigo keneli italazimika kuchinja mojawapo. Mimi hukadiria hadi GB 2 kwa kila kazi, hivyo RAM ya GB 8 ni `-j4`, na ya GB 4 ni `-j2` ukiwa umefunga kivinjari.

```
set -o pipefail
make -j4 2>&1 | tee ../make.log
```

`tee` inahifadhi kila mstari kwenye `make.log` huku ukiuona kwenye skrini. `pipefail` ipo ili `make` ikianguka, amri nzima ihesabike imeanguka. Bila hiyo `tee` itakuficha ukweli kwa kudai mambo ni shwari. Kama uko kwenye seva ya mbali, fanya yote ndani ya `tmux` (inayoweka terminali hai hata ukikatika), la sivyo SSH ikikatika na ujenzi unakwenda nayo.

Kazi ikiwa inaendelea utaona faili zilezile zinakompailiwa tena, na tena. Usidhani imekwama kwenye duara. GCC inajijenga mara tatu. Mara ya kwanza inajengwa na kompaila ya zamani ya mfumo. Mara ya pili inajengwa na ile iliyozaliwa mara ya kwanza. Mara ya tatu inajengwa na ya pili. Kisha matokeo ya hatua ya pili na ya tatu yanalinganishwa baiti kwa baiti, na yanatakiwa yafanane, kwa sababu yote mawili yametoka kwenye msimbo mmoja kupitia kompaila zinazopaswa kuwa na tabia moja. Ni sawa na mhunzi aliyeazima nyundo kuukuu kufulia nyundo yake ya kwanza, akaitumia hiyo kufulia ya pili, na ya pili kufulia ya tatu: kasoro za nyundo ya kuazima hazifiki mwisho.

Kujua uko hatua gani, fungua terminali nyingine:

```
cat ~/kazi/jenga/stage_current
```

Itakujibu `stage1`, `stage2` au `stage3`. Huko mwishoni utaona `Comparing stages 2 and 3`, na baada yake `Comparison successful.` Maonyo mawili matatu kwamba faili zenye jina la `checksum` zinatofautiana hayana tatizo.

Ukiwa na haraka, na kompaila ya mfumo wako si ya kale sana, unaweza kuongeza `--disable-bootstrap` kwenye configure. Itajengwa mara moja tu, na muda utapungua sana. Kwa majaribio ni sawa kabisa. Kwa kompaila utakayoitumia kazini mwaka mzima, mimi ningeacha hatua tatu zikamilike, kwa sababu ule ulinganisho ni kipimo kinachogusa kila kona ya kompaila na hukilipii hata senti.

## Umeme ukikatika

Laptop ina betri, lakini kompyuta ya mezani haina, na ujenzi wa saa nyingi una nafasi nzuri ya kukutana na mgao. Habari njema ni kwamba `make` inajua ilipoishia. Washa, rudi `~/kazi/jenga`, piga amri ileile ya `make`, nayo itaendelea.

Isipokuwa kwa jambo moja. Ukisimamisha `make` kwa Ctrl+C, inafuta faili iliyokuwa nusu. Umeme hautoi nafasi hiyo. Faili za `.o` zilizokuwa zikiandikwa wakati huo zinaweza kubaki zipo zikiwa na ukubwa wa sifuri, na `make` haifungui faili kuangalia yaliyomo. Inaangalia saa tu, inaona faili ni mpya kuliko chanzo chake, inaendelea. Saa moja baadaye kiunganishi (linker) kinalalamika kuhusu faili isiyosomeka. Kwa hiyo kabla ya kuendelea, zifagie:

```
cd ~/kazi/jenga
find . -name '*.o' -size 0 -delete
find . -name '*.a' -size 0 -delete
```

Angalia pia tarehe. Kompyuta nyingi za zamani betri ndogo ya ubao mama imekufa, na umeme ukirudi saa inarudi miaka nyuma. `make` inategemea saa kwa kila uamuzi, nayo itaonya `Clock skew detected. Your build may be incomplete.` Rekebisha saa kwanza. Kama ilishaendelea kwa muda mrefu na saa mbovu, futa karakana uanze upya, ni afadhali kuliko kukisia.

Dalili ya karibu na hiyo ni ujumbe kwamba `aclocal-1.15` au `automake-1.15` haipo. Usikimbilie kuisakinisha. Maana yake ni kwamba saa za faili za msimbo zimevurugika, mfumo unaamini faili zilizozalishwa zimepitwa na wakati na unataka kuzizalisha upya. Ingia saraka ya msimbo upige `./contrib/gcc_update --touch`, au ufungue upya faili la `.tar.xz`.

## Kusoma hitilafu

Ujenzi ukianguka, mstari wa mwisho kwenye skrini unafanana na huu:

```
make: *** [Makefile:1065: all] Error 2
```

Mstari huo hausemi kitu. Ni `make` ya nje ikitangaza kwamba `make` ya ndani yake imeshindwa, ambayo nayo ilitangaziwa na nyingine. Na kwa kuwa kazi nne zilikuwa zikienda pamoja, zile tatu nzima ziliendelea kuchapisha mistari yao baada ya moja kufa. Kosa la kweli liko juu, mara nyingine mamia ya mistari juu. Ndiyo sababu ya `make.log`:

```
grep -n -E 'error:|Killed|\*\*\*' ../make.log | head
```

Chukua la kwanza, usome mistari kumi kabla yake. Ukiona haieleweki, piga `make` bila `-j`. Itagonga palepale, safari hii peke yake.

Haya ndiyo utakayokutana nayo zaidi.

`fatal error: Killed signal terminated program cc1plus`. RAM imeisha. Thibitisha kwa `sudo dmesg | grep -i 'out of memory'`. Punguza `-j`, au ongeza swap ya muda (nafasi ya diski inayosaidia RAM):

```
sudo fallocate -l 4G /swap2
sudo chmod 600 /swap2
sudo mkswap /swap2
sudo swapon /swap2
```

Huna haja ya kuanza upya, `make` itaendelea ilipoishia.

`cannot compute suffix of object files: cannot compile`. Huu umewasumbua watu miaka na miaka kwa sababu unasema jambo lisilohusiana na tatizo. Hutokea pale kompaila mpya inapoitwa kwa mara ya kwanza kujenga `libgcc`, maktaba ndogo ya GCC yenyewe, na yenyewe inashindwa hata kuanza. Ujumbe unakuelekeza kwenye `config.log`, na mtego ni kwamba ziko nyingi, moja kwa kila saraka ndogo. Unayoitaka si ile ya juu. Ni hii:

```
less ~/kazi/jenga/x86_64-pc-linux-gnu/libgcc/config.log
```

Mara nyingi ndani yake utakuta kwamba `cc1`, kompaila halisi ya C ndani ya GCC, imeshindwa kupata `libmpc.so` au `libmpfr.so`. Hiyo ni alama ya mtu aliyejenga maktaba hizo mwenyewe mahali pasipo pa kawaida. Futa karakana, tumia `download_prerequisites`, na tatizo linatoweka.

`internal compiler error: Segmentation fault`. Piga `make` tena. Ikianguka kwenye faili ileile, mstari uleule, ni hitilafu ya kompaila ya zamani. Lakini ikianguka leo hapa, kesho pale, shuku mashine: RAM mbovu au prosesa inayochemka. Kujenga GCC kunaikamua kompyuta kwa saa nyingi mfululizo, kwa hiyo vumbi kwenye feni hujulikana siku hiyo. Endesha memtest86+ (kipimo cha RAM) usiku mmoja. `Bootstrap comparison failure!` nayo ichunguze kwa jicho hilohilo.

## Kusakinisha na kutumia

```
make install-strip
```

Neno `strip` linaondoa taarifa za utatuzi zinazonenepesha faili. Hakuna `sudo`, nyumba ni yako. Kisha ongeza kwenye `~/.bashrc`:

```
export PATH=$HOME/zana/gcc-14.2.0/bin:$PATH
```

Fungua terminali mpya, urudi kwenye faili tuliyoanza nayo:

```
g++-14 -std=c++23 salamu.cc -o salamu
./salamu
```

Safari hii inakompailika. Lakini kwenye Ubuntu 22.04 kuiendesha kutagoma:

```
./salamu: /lib/x86_64-linux-gnu/libstdc++.so.6: version `GLIBCXX_3.4.32' not found
```

Programu imejengwa kwa maktaba mpya ya C++, ila wakati wa kuendeshwa mfumo umeipa ya zamani. Ya kwako iko `~/zana/gcc-14.2.0/lib64`. Miongozo mingi itakuambia uweke `LD_LIBRARY_PATH` kwenye `.bashrc`. Mimi sipendi, kwa sababu itaathiri kila programu unayoiendesha, hata zisizohusika. Iandike njia ndani ya programu yenyewe:

```
g++-14 -std=c++23 salamu.cc -o salamu \
    -Wl,-rpath,$HOME/zana/gcc-14.2.0/lib64
```

`ldd salamu` itakuonyesha kama imeelekea panapotakiwa. Ikiwa programu utampa mtu mwingine asiye na GCC yako, tumia `-static-libstdc++ -static-libgcc` badala ya rpath, maktaba hizo zitaingia humohumo. Maktaba ya C yenyewe, glibc, itabaki ya mfumo, hivyo jenga kwenye mfumo wa zamani kuliko ule wa mpokeaji.

Kwa miradi ya wengine, taja kompaila waziwazi: `CC=gcc-14 CXX=g++-14 ./configure`, au kwa CMake `-DCMAKE_C_COMPILER=gcc-14 -DCMAKE_CXX_COMPILER=g++-14` kwenye saraka mpya ya ujenzi. Ile ya zamani imeshakariri kompaila ya kwanza.

Jitayarishe kwa jambo moja kwenye miradi ya C ya zamani. Kuanzia GCC 14, mambo yaliyokuwa maonyo tu yamekuwa makosa: kuita kazi (function) isiyotangazwa, kuchanganya namba na kielekezi (pointer), kupachika kielekezi cha aina moja kwenye cha aina nyingine. Msimbo uliojengeka miaka ishirini utagoma na `implicit declaration of function`, na kwa kawaida kinachokosekana ni `#include` moja. Iongeze. Kama msimbo si wako na unataka tu ujengeke, `-fpermissive` inayarudisha kuwa maonyo.

Ukitaka kupima kompaila yako kabla ya kuiamini, sakinisha `dejagnu` (mfumo wa majaribio) na upige `make -k check` ndani ya karakana. Ni saa nyingine nyingi, na mwishoni tazama `# of unexpected failures`. Chache zinavumilika, maana hata matoleo rasmi huwa nazo; mamia ni ishara kwamba kuna kitu hakiko sawa. Kama huna muda wa kipimo chote, `make check-gcc RUNTESTFLAGS="dg.exp"` hupima sehemu tu.

Ukiridhika, `rm -rf ~/kazi/jenga` inakurudishia sehemu kubwa ya zile GB 10. Faili la `.tar.xz` na yale ya maktaba yabakishe, kuna mtu atakuomba kwa flashi.